Vizibo Viko Mikononi mwa Nani?

Ukiingia darasa la awali katika shule nyingi za umma Tanzania, utakuta zana. Vizibo vya soda vimo kwenye mfuko uliotundikwa msumarini, vijiti vimefungwa kumikumi kwa mpira, siku za wiki zimeandikwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, na kila pembe ya chumba ina bango lake: kona ya hisabati, kona ya lugha, kona ya sayansi, kona ya nyumbani. Ni kazi njema, na mara nyingi mwalimu ameifanya kwa mikono yake na kwa pesa ya mfukoni mwake. Lakini kipindi kikishaanza, mimi huangalia jambo moja tu. Vizibo vile viko mikononi mwa nani?

Nafundisha awali, au chekechea kama wazazi wengi wanavyoiita, katika shule ya umma mkoani Morogoro. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikiangalia kipindi cha namba. Mwalimu anasimama mbele na vizibo vitano, anainua kimoja baada ya kingine, na darasa zima linaitikia: "Moja! Mbili! Tatu!" Sauti inafika ofisini kwa mwalimu mkuu. Kwenye andalio la somo kipindi hicho kimeandikwa "mbinu shirikishi", na kwa mtu anayepita dirishani kinapendeza kweli. Ila aliyehesabu ni mwalimu. Watoto wameimba.

Mwite mtoto mmoja pembeni utaona ninachosema. Huyu anaimba namba hadi ishirini bila kuteleza. Mwekee vizibo saba mkekani, mwambie ahesabu. Kidole kinakimbia, ulimi unabaki nyuma. Kizibo kimoja kinahesabiwa mara mbili, kingine kinarukwa, na jibu linakuwa tisa. Mwenzake atahesabu vizuri mpaka saba, lakini ukimuuliza, "Kwa hiyo viko vingapi?" anaanza upya: moja, mbili, tatu... Hajajua bado kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vyote. Wanasaikolojia wa Marekani Rochel Gelman na Randy Gallistel waliyapanga mambo haya mwaka 1978 katika kanuni tano: kila kitu kipewe namba moja tu, namba zifuatane kwa mpangilio uleule, namba ya mwisho ndiyo idadi, chochote kinaweza kuhesabiwa, na unaweza kuanzia upande wowote. Katika hizo tano, wimbo unafundisha moja tu, ile ya mpangilio. Nne zilizobaki mtoto huzipata akiwa ameshika kitu, anakisogeza, anakosea na kurudia.

Ndiyo maana darasani kwangu kuna mistari ya chaki sakafuni. Kizibo kilichohesabiwa lazima kivushwe mstari. Mtoto anayevusha hawezi kuhesabu kitu kimoja mara mbili, kwa sababu kimeshaondoka, na akimaliza anaona kwa macho yake kwamba upande huu hakuna kilichobaki. Akishazoea, navitawanya vizibo vilevile saba viachane. "Sasa viko vingapi?" Wengi wa miaka minne na mitano watasema vimeongezeka. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget aliliandika jambo hili zamani, na bado linanishangaza kila mwaka ninapolikuta kwa watoto wapya. Kumweleza mtoto kwamba ni vilevile hakumbadilishi. Atavikusanya, atavitawanya, atahesabu tena, na siku moja atakuangalia kana kwamba wewe ndiye huelewi: "Mwalimu, si ni vilevile!"

Kuna kipindi nilichowapa watoto vizibo vya rangi mchanganyiko na kuwaambia wavipange wanavyotaka. Wengi walipanga kwa rangi, kama chati ya ukutani inavyowaonyesha. Mvulana mmoja, ambaye nyumbani kwao wanazungumza Kikaguru, na Kiswahili alikuwa ndiyo kwanza anakizoea, alikuwa na mafungu mawili, na kila fungu lilikuwa na rangi zote. Nilichuchumaa. "Umevipangaje?" Akanyamaza. Sikusema kitu. Akaokota kizibo kilichopinda katikati, pale opena ilipokibana, akakisogeza karibu kabisa na uso wangu. "Hivi vimeumia," akasema, kisha akagusa fungu la pili, "hivi havijaumia."

Huyo mtoto alikuwa ameunda kigezo chake mwenyewe, akakifuata bila kukosea hata kizibo kimoja, kisha akapata maneno ya kukieleza katika lugha ambayo bado ilimwia nzito. Kama ningemwinulia kizibo na kumuuliza, "Hii rangi gani?" angejibu neno moja, au asingejibu kabisa na mimi ningemwandikia kwamba anahitaji msaada. Walimu wa maeneo yenye watoto wa lugha mbalimbali wanajua uzito wa jambo hili. Kwetu wako wa Kiluguru, wa Kikaguru na wa Kimasai, na wengine husikia Kiswahili kwa wingi mara ya kwanza wanapofika shuleni. Kazi ya mikono inampa mtoto huyo mahali pa kuanzia. Anafanya kwanza, na maneno anayapata akiwa kazini, kutoka kwa wenzake na kwa mwalimu.

Na kile kimya. Walimu tunakiogopa sana. Tukiuliza na jibu lisije papo hapo, tunajibu wenyewe au tunamrukia aliyenyoosha kidole. Miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alipima muda huo katika madarasa ya Marekani akakuta walimu husubiri sekunde moja hivi. Walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu hazigharimu shilingi. Kati ya yote ninayowaambia walimu vijana wanaokuja kwetu kufanya mazoezi ya kufundisha, hili naliweka la kwanza: uliza swali usilolijua jibu lake, kisha funga mdomo.

Zanzibar walifanya jambo la kufundisha sana katika hili. Kwenye miaka ya 2000 kulikuwa na vipindi vya redio kwa watoto wadogo vilivyoitwa Tucheze Tujifunze. Sauti ya redioni inauliza, inaagiza wimbo au mchezo, kisha inanyamaza makusudi ili watoto wajibu na wafanye. Yaani kimya kilipangwa ndani ya kipindi kabla hakijarekodiwa. Kama redio inaweza kumsubiri mtoto, mwalimu aliyesimama mbele yake anaweza pia.

Nasikia mara nyingi kwamba mbinu hizi ni za shule za ada, za watoto kumi na watano na zulia. Historia haisemi hivyo. Daktari na mwalimu wa Kiitaliano Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa makabwela. Watoto walikuwa wapatao hamsini. Wazazi wao walishinda kazini, watoto wakabaki wakichezea kuta na ngazi za majengo, na wenye majengo ndio waliotaka wapatiwe mahali pa kukaa. Ni pale, kwa watoto wale, alipoona mtoto wa miaka mitatu akirudia kazi ileile mara nyingi bila kuambiwa, ikiwa kazi yenyewe imempa changamoto na hakuna anayemkatiza.

Karibu zaidi na sisi kuna Mombasa. Miaka ya 1980 viongozi wa jamii za Waislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wanaanza shule ya msingi wakiwa wameachwa nyuma na wenzao, na hawakutaka kuchagua kati ya elimu hiyo na malezi ya dini yao. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation ukazaliwa mpango wa shule za awali za madrasa, Bi. Swafiya Said akiwa miongoni mwa walioubeba tangu mwanzo. Wanawake wa mtaa husika ndio waliofunzwa ualimu. Zana zilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana palepale, na nyimbo na hadithi zikatoka kwenye dini na utamaduni wa pwani. Namna ya kufundisha waliichukua kwa sehemu kutoka HighScope, mpango wa elimu ya awali wa Marekani, ambao kiini chake ni hatua tatu: mtoto anapanga atakachofanya, anakifanya, kisha anasimulia alichofanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ukafika Zanzibar na Uganda. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwalinganisha watoto wa nchi hizo tatu. Waliosoma awali ya aina yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani, na waliosoma awali za madrasa waliwazidi wale wa awali nyingine.

Hiyo HighScope yenyewe ilitokana na kazi ya mwanasaikolojia David Weikart katika mji wa Ypsilanti, Michigan, kati ya 1962 na 1967, kwa watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi. Kundi moja lilipata awali, jingine halikupata, na wote wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Walipofika miaka 40, wale waliopata awali walikuwa wamemaliza shule kwa wingi zaidi, wanapata kipato kikubwa zaidi na wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Ni watoto wachache, najua, lakini hakuna aliyewafundisha watoto hao kuimba silabi kutwa nzima. Walifundishwa kupanga, kutenda na kusimulia.

Hatua ya tatu, kusimulia, ndiyo inayoachwa kwetu. Kengele inalia, zana zinazolewa, watoto wanakwenda kunywa uji. Mimi hutenga dakika kumi kabla ya uji, na huwaita wachache tu kwa siku. "Leo ulikuwa unafanya nini kwenye kona?" Mtoto anayesimulia anapanga upya kichwani kile alichofanya kwa mikono, na wenzake wanaosikiliza wanapata wazo la kesho.

Tena tusizungumze kana kwamba haya yote yalikuja na meli. Chukua mdako. Shimo dogo, kokoto kadhaa ndani yake. Unarusha moja juu. Kabla haijatua unazoa kokoto kutoka shimoni, unaidaka. Unarusha tena, unazirudisha shimoni zote isipokuwa moja. Mzunguko wa kwanza unabakiza mojamoja, unaofuata mbilimbili, kisha tatutatu. Mtoto anayecheza mdako anatoa, anajumlisha na kugawa mafungu, huku jicho liko hewani na mkono uko chini, na akikosea wenzake wanamwambia papo hapo wala hahitaji kusahihishiwa daftari. Watoto wangu wengi bado hawawezi kurusha na kudaka, kwa hiyo tunacheza bila kurusha, na wakubwa wa darasa la nne wanakuja kuwaonyesha. Vitendawili navyo ni hivyohivyo. "Kitendawili!" "Tega!" na hapo mtoto lazima afikirie sifa za kitu ambacho hakioni. Bibi zetu walijua kusubiri jibu. Aliyeshindwa alitoa mji, na mchezo ukaendelea.

Kona ninayoipenda kuliko zote ni duka. Pakiti tupu za majani ya chai, makopo ya mafuta, maboksi ya sabuni, na pesa tulizokata kwenye maboksi ya katoni. Siku moja nilikuwa karibu nikiandika, wasichana wawili wanauziana. Mteja akaomba sabuni. "Mia tano," akaambiwa. Akatoa elfu moja. Mwenye duka akapekua kopo lake, akatikisa kichwa. "Chenji sina. Chukua pipi." Mteja akakataa: "Sitaki pipi, mama atanigombeza, kasema nirudishe chenji." Wakakwama kidogo. Kisha mwenye duka akaacha duka lake, akaenda kona ya hisabati, akarudi na vizibo vitano, akavipanga kimoja kimoja kwenye kiganja cha mwenzake: "Mia. Mia mbili. Mia tatu. Mia nne. Mia tano. Haya, nenda."

Muhtasari wa awali hauwadai kuhesabu kwa mamia. Hawa waliyachukua mamia dukani mtaani kwao, wakayaleta shuleni kwa sababu shule iliwapa duka. Sikuingilia. Baadaye, wakati wa kusimulia, niliuliza tu: "Kama sabuni ingekuwa mia saba, chenji ingekuwa ngapi?" Tulikaa kwenye swali hilo mpaka uji ukapoa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mwalimu awaachie watoto darasa akae pembeni na simu. Mchezo usio na mwalimu makini unabaki pale ulipokuwa jana, na watoto wenye nguvu hujitwalia zana zote. Na yako mambo ambayo mtoto hawezi kuyagundua mwenyewe: kwamba alama hii inasomwa "ba", kwamba tunaandika kutoka kushoto kwenda kulia, kwamba mikono inanawishwa kwa sabuni. Hayo nayafundisha waziwazi, kwa muda mfupi, kisha nayapeleka kwenye mchezo. Kazi ya mwalimu katika njia hii ni kubwa kuliko ya kuimbisha, kwa sababu lazima ujue kila mtoto amefika wapi na swali gani litamsogeza.

Hapo ndipo idadi inapotuumiza. Mtaala wa awali wa 2016 ulitaka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sera ya elimu ya 2014 ilikuwa imeshaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 ikawaleta watoto waliokuwa wakibaki nyumbani. Nafurahi kwamba wamekuja. Lakini darasa langu limezidi mara tatu ya 25, na liko hivyo kwa walimu wengi ninaowafahamu. Mtaala unaotumika tangu Januari 2024 unasisitiza michezo na vitendo, na mimi naukubali kwa moyo wote. Naomba tu pamoja na mtaala tupewe mtu wa pili darasani.

Mpaka hapo atakapopatikana, tunafanya hivi. Sifundishi wote kwa pamoja isipokuwa wimbo, hadithi na salamu. Kundi moja liko nami mkekani, hili ndilo ninalolifundisha hasa. Jingine liko nje chini ya mwembe linachora mchangani kwa vijiti, mama mmoja wa kamati ya shule akiwaangalia. Mengine yako kwenye kona. Kengele ya kubadilishana ni wimbo, na kila kundi lina kiongozi wake anayegawa na kukusanya zana. Vizibo tunavipata kwa mama mwenye grosari; tunaviosha kwa sabuni na kuvigonga kwa nyundo ili meno yasikate vidole. Maharage tuliacha, kwa sababu watoto huyatia puani. Wiki za mwanzo za mwaka zote zinakwenda kwenye kuwafundisha watoto kugawana, kusubiri zamu na kurudisha kitu mahali pake. Mwalimu asizionee uchungu wiki hizo. Bila hizo, hakuna kona itakayodumu mpaka Machi. Na uji ni sehemu ya kufundisha, kwa sababu mtoto aliyetoka nyumbani bila kula hachezi, anajilaza tu.

Wazazi wana swali lao, na ni la haki. "Mwalimu, mbona daftari la mwanangu ni jeupe?" Nyuma ya swali hilo kuna hofu ya kweli: shule nyingi za binafsi zinawafanyia usaili watoto wa miaka mitano au sita, na kinachoangaliwa ni kama mtoto anaandika. Mzazi anayejinyima ili mwanawe apate nafasi hana muda wa nadharia. Kwa hiyo simpi nadharia. Namkaribisha aje asubuhi moja akae na mwanawe kwenye mkeka. Namwonyesha udongo wa mfinyanzi, na kwa nini vidole vinavyofinyanga na kuchana karatasi vitakuja kushika penseli bila kutetemeka. Baba mmoja, fundi seremala, alimwangalia mwanawe akipanga mbao kwa urefu, kutoka fupi hadi ndefu, mtoto akirudia kila alipokosea. Wiki iliyofuata alituletea gunia la vipande vya mbao, amevipiga msasa vyote.

Lililobaki ni darasa la kwanza. Watoto hawa wakivuka, wanakuta madawati yametazama ubao na wanaambiwa wakae kimya, na mwalimu wao mpya analalamika kwamba watoto wa awali yangu wanauliza sana. Tumekaa naye, tumezungumza kama walimu wenza, bila kuoneana. Ana watoto wengi kuliko mimi na ana KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) za kukamilisha. Tumekubaliana kwamba muhula ujao vipindi vya hisabati vifanyike mkekani kwa makundi, nami nitakuwa nikiingia kumsaidia watoto wangu wakishaenda nyumbani saa tano na nusu. Mwalimu mkuu ameridhia. Muhula ukiisha tutawaita watoto mmoja mmoja, tuwawekee vitu saba, tuwatawanyie, tuwaulize viko vingapi, na tuandike wanachojibu.